Nimesoma daftari mara tatu, mbona alama za Jiografia hazipandi?

Swali: Mwalimu, niko mwaka wa kumi na tatu katika shule ya mtaala wa Uingereza hapa Nairobi, na nyumbani ni South B. Mtihani wangu wa Jiografia wa A-Level umebakisha wiki saba: karatasi nne, kila moja saa moja na nusu na alama 60. Nimesoma daftari zangu mara tatu na kupaka rangi kila ukurasa, lakini katika mtihani wa majaribio nilipata D, na karibu kila insha ilirudi imeandikwa "maelezo tu, uchambuzi haupo". Nidurusu vipi? Nikariri mifano mingapi? Na je, nikitumia mifano ya Nairobi msahihishaji ataniona sijasoma? Kitabu chetu kimejaa mifano ya Uingereza, na mimi sijawahi kufika huko.

Jibu: Mwanangu, wiki saba zatosha. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na D ya majaribio hainitishi kama linavyonitisha daftari lililopakwa rangi kila ukurasa. Rangi zile hukupa raha ya kuamini kwamba unajua. Ukifungua ukurasa wa mito unautambua mara moja, kama unavyotambua sura ya jirani mnayepishana naye kwenye ngazi kila asubuhi. Mtu akikuuliza jirani huyo anaitwa nani na kwao ni wapi, unabaki kimya. Mtihani unauliza jina, unauliza na kwao.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi matini wayasome. Wengine waliyarudia kusoma, wengine wakayafunga na kuandika chochote walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika bila kutazama ndio waliokuwa wamebaki na mengi kichwani. Mtihani wako hauko dakika tano mbele. Kwa hivyo kuanzia leo, kufunga daftari kunatangulia kulifungua. Chukua karatasi tupu, andika juu yake "Mmomonyoko wa pwani", jipe dakika kumi, umwage kila ulicho nacho: michoro, mishale, majina ya mahali, tarakimu. Kisha fungua daftari na kwa kalamu nyekundu ujaze yaliyokuponyoka. Wekundu huo ndio utakaourudia kesho kutwa. Yaliyokuja yenyewe yaache wiki nzima.

Sasa hilo la "maelezo tu", ambalo ndilo lililokuletea D. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Neno "eleza" kwetu linafanya kazi mbili: kusema kitu kilivyo, na kusema kwa nini kiko hivyo. Karatasi yako ya Kiingereza inazitenganisha kazi hizo. "Describe" inataka picha: mto umepinda wapi, idadi ya watu imepanda kiasi gani, upande gani wa ramani ni mtupu. "Explain" inataka sababu, na hapo picha haikuletei alama hata uichore vizuri namna gani. "Assess" na "evaluate" zinataka uamuzi wako: lipi lina uzito kuliko lipi, mahali gani, kwa nani, kwa muda gani. Nimesahihisha insha nyingi za watoto wenye akili sana waliojibu neno la kwanza pale walipoulizwa la tatu. Lipigie mstari neno hilo kabla hujaandika chochote.

Nikuonyeshe kwa karibu. Chukua swali kama hili: tathmini kauli kwamba mafuriko ya mijini husababishwa na binadamu kuliko maumbile. Mwanafunzi mmoja anaandika:

"Mwaka 2024 Nairobi ilikumbwa na mafuriko makubwa. Mvua ilinyesha sana. Mitaro ilikuwa imeziba kwa takataka. Nyumba zilisombwa Mathare na watu wakafa. Serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa karibu na mto."

Kila sentensi hapo ni kweli, lakini ni shanga zisizo na uzi. Ukizipangua na kuzipanga upya, hakuna kinachoharibika, na hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa. Mwingine anaandika:

"Kufikia mwisho wa Aprili 2024 mvua ya masika ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa, kwa hivyo ardhi ilikuwa imelowa na haikuwa na nafasi ya kufyonza zaidi. Katika mitaa iliyojengeka, mabati, lami na saruji huzuia maji kupenya, ndiyo maana yalifika mtoni upesi na kilele cha mto kikapanda. Hata hivyo, mvua iliyonyesha kwenye msitu wa Karura na ile iliyonyesha Mathare, ambako nyumba zimesogea hadi ukingoni mwa mto, hazikuleta msiba sawa. Maji yaliletwa na maumbile, lakini ni namna mji ulivyopangwa iliyoamua yatamfikia nani."

Jaribu kuipangua hii ya pili. Haipanguki, kwa sababu kila sentensi imeegemea iliyoitangulia. Na tazama kwamba mwandishi hakuongeza ukweli mwingi kuliko mwenzake. Alichoongeza ni "kwa hivyo", "ndiyo maana" na "hata hivyo". Fanya zoezi hili kila siku: chukua aya moja ya insha yako ya zamani, iandike upya ukihakikisha hakuna sentensi inayoanza bila kushikana na iliyo nyuma yake. Aya moja tu kwa siku, lakini kila siku.

Kuhusu idadi ya mifano, jibu langu ni michache, ijulikane hadi mifupani. Kwa kila mada kubwa chagua miwili inayopingana, kwa sababu tathmini huzaliwa pale vitu viwili vinapowekwa kando kwa kando. Kwa matetemeko, Haiti na Chile zinatosha kukubeba mbali. Haiti ilitikiswa tarehe 12 Januari 2010 kwa kipimo cha 7.0. Chile ikatikiswa tarehe 27 Februari mwaka huohuo kwa kipimo cha 8.8. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni takriban mara 32 ya nishati, kwa hivyo tetemeko la Chile lilitoa nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Lakini Chile ilipoteza watu mamia, Haiti makumi ya maelfu kwa makadirio yoyote utakayoshika. Kina cha tetemeko, umbali kutoka mji mkuu, sheria za ujenzi, umaskini, uwezo wa serikali: hapo una insha nzima, na umekariri tarehe mbili tu.

Ukitaka wa tatu ulio karibu na sisi, chukua mlima Nyiragongo, juu ya mji wa Goma. Ulilipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, na lava yake nyepesi sana hushuka mteremko kwa kasi isiyo ya kawaida. Unakusaidia kueleza kwa nini watu hurudi kuishi chini ya volkeno, swali ambalo watahini hulipenda.

Tahadhari moja kuhusu tarakimu. Nimeona insha ngapi zinazosema Kibera ina watu milioni moja, au hata mbili! Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Vivyo hivyo, vifo vya Haiti vimetajwa kuanzia chini ya laki moja hadi zaidi ya laki tatu, kutegemea aliyehesabu. Usilifiche hilo, litumie. Mwanafunzi anayeandika kwamba makadirio yanatofautiana, na akaeleza kwa nini mtaa usio na anwani wala hati za ardhi ni mgumu kuhesabu, ameonyesha uchambuzi ambao orodha ya tarakimu kumi haiwezi kuonyesha.

Nije kwenye swali lako la tatu, ambalo naona ndilo lililokuuma zaidi. Tumia Nairobi, mwanangu. Tumia bila kuomba radhi. Msahihishaji anapima kama mfano ni wa kweli, una maelezo mahususi, na unajibu swali. Hashushi alama kwa sababu mto unaitwa Ngong na si Thames. Ubaya huja mwanafunzi anapoitaja Nairobi kijuujuu, "kuna mitaa ya mabanda na msongamano wa magari", akidhani kuishi hapa kunatosha. Mji wako unapaswa kuusoma kama unavyosoma kitabu.

Jumamosi moja panda matatu kutoka Karen hadi mjini, kisha nyingine kutoka mjini hadi Kayole, ukae dirishani na daftari mapajani. Unateremka njia nzima ingawa huhisi: kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta karibu mita 1,620. Magharibi mvua ni nyingi zaidi na udongo ni mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Mashariki na kusini ardhi ni tambarare na udongo ni mweusi mzito, ule unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Msingi wa nyumba hapo ni gharama, na mtaro hapo unahitaji kazi kwa sababu maji hayana pa kwenda.

Reli ilipofika mwaka 1899, ilikita kambi mahali Wamaasai walipopaita pa maji baridi, pale ambapo nyanda za juu zinakutana na tambarare. Mji ulipokua, utawala wa kikoloni uliugawa kwa rangi: Wazungu wakachukua vilima vya magharibi na kaskazini, Wahindi wakawekwa pande za Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa Eastlands. Weka mgawanyo huo juu ya ramani ya mwinuko na udongo, uone unavyolalia. Mwanasosiolojia Burgess alichora modeli yake ya mji kama miduara inayozungukana mwaka 1925 akiitazama Chicago. Nairobi haikai kwenye miduara hiyo, na sasa wewe unaweza kusema kwa nini: mwinuko, udongo, reli na sheria za ubaguzi. Huo ndio uchambuzi mwalimu wako anaoulilia kwa wino mwekundu. Na tazama kwamba safari moja imekupa hali ya hewa, udongo, mito, ukoloni na makazi, nusu ya karatasi ya maumbile na nusu ya karatasi ya binadamu.

Tena wewe unaishi South B, hatua chache kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, kwa nia ya kuuboresha mtaa wakazi wakiwa palepale. Mei 2024, baada ya mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, tingatinga ziliingia kwenye kingo za mito, Mukuru ikiwemo. Mbinu mbili zinazopingana, mtaa mmoja, miaka saba kati yake. Ongea na watu wanaoishi pale, kwa heshima, uwasikilize. Swali la namna ya kuboresha makazi duni likija, utakuwa na cha kusema ambacho mtahiniwa wa Manchester hana.

Idadi ya watu nayo ianzie nyumbani. Muulize nyanya yako alizaa watoto wangapi, na mama yake alizaa wangapi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akitarajiwa kuzaa watoto 8.1 kwa wastani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4. Huo ni mshuko mkubwa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Lakini wastani huficha mengi: Nairobi iko chini ya 3 na Mandera bado iko juu ya 7. Kwa hivyo modeli ya mpito wa idadi ya watu, ile ya hatua nne au tano inayoonyesha vizazi na vifo vikishuka nchi inapoendelea, inapoiweka Kenya kwenye hatua moja, inaweka pamoja kaunti ambazo haziko hatua moja. Andika hivyo, upate alama zako.

Ipo sehemu nyingine ambayo daftari haiwezi kukusaidia, nayo ni kuelewa mto kwa vipimo. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kwenye vijito vya msitu wa Karura na mfuko wa machungwa. Tunapima mita kumi kando ya maji, mmoja anaachia chungwa juu, mwingine anashika saa chini. Kwa nini chungwa? Huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hivyo upepo haulisukumi kama unavyosukuma kijiti. Tuseme limechukua sekunde 25: kasi ya juu ya maji ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini husuguana na kitanda cha mto na kwenda polepole, kwa hivyo unazidisha kwa takriban 0.85, unapata 0.34. Kijito kina upana wa mita 3 na kina cha wastani cha mita 0.4, yaani eneo la mita mraba 1.2. Zidisha: kama mita za ujazo 0.41 kila sekunde. Nakumbuka msichana mmoja aliyekuwa amekariri kanuni hiyo mwaka mzima bila kuielewa, aliposimama na chungwa linalodondoka maji mkononi alisema, "Kumbe ni maji yanayopita hapa, basi!" Ndiyo, basi. Tangu siku hiyo hidrografu, yaani mchoro wa jinsi maji ya mto yanavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita, haikumsumbua tena. Ukienda, nenda na mwenzako, siku isiyo na mvua, na unawe mikono.

Ratiba sitakupangia siku kwa siku, maana sijui masomo yako mengine. Wiki nne za kwanza ziwe za karatasi tupu na kalamu nyekundu, mada moja ya maumbile na moja ya binadamu kwa siku, zikipishana. Wiki tatu za mwisho ziwe za mitihani ya miaka iliyopita, kwa saa, pamoja na mwongozo wa kusahihisha na ripoti za watahini. Ripoti hizo wanafunzi huziruka, na mimi naziona ni dhahabu: mtahini anakuambia waziwazi makosa ya mwaka jana. Dakika 90 kwa alama 60 ni dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hivyo insha ya alama 20 ina nusu saa. Dakika tano za kwanza panga hoja, na usizionee uchungu. Uzoeshe mkono pia. Mtu aliyezoea kuchapa kwenye simu hushikwa na maumivu ya vidole kabla ya saa moja kwisha. Kama nyumbani kuna kelele, maktaba ya McMillan iko katikati ya jiji, na maktaba ya kitaifa iko Upper Hill.

Ramani na michoro usiiache mwishoni. Mchoro mmoja safi wa bamba la ganda la dunia likizama chini ya jingine, wenye majina, unaokoa mistari kumi ya maneno. Uchore mara tano wiki hii, bila kutazama.

Imebaki pwani, na hapo kitabu chako cha Uingereza kisikutie hofu. Holderness, pwani ya mashariki mwa Uingereza, ina miamba ya udongo laini ulioachwa na barafu ya kale, nayo bahari inaila kwa wastani wa karibu mita 2 kwa mwaka. Mwaka 1991 kijiji cha Mappleton kilijengewa kuta mbili za mawe kuingia baharini ili kushika mchanga. Kijiji kikapona, lakini mchanga uliozuiwa pale haukufika kusini, na mashamba ya Great Cowden yakaliwa kwa kasi zaidi. Sasa iweke Malindi kando yake. Mito ya Nairobi, pamoja na kile kijito cha machungwa, inaingia Athi. Athi inaitwa Galana, kisha Sabaki, na inamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Mvua ikiwa nyingi bara, bahari pale inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mashapo hayo yameijaza ghuba, na ufuo umesogea mbele badala ya kurudi nyuma. Holderness mchanga unatoka kuliko unavyoingia. Malindi unaingia kuliko unavyotoka. Hesabu ni ileile moja, ya kinachoingia na kinachotoka.

Jumapili hii, funga kitabu, tega saa ya nusu saa, uandike insha ya alama 20 ukilinganisha pwani hizo mbili. Kisha inyanyue kalamu nyekundu.